Uyoga Mweusi Ndani ya Mkebe wa Mchele

Sparkbrook, Birmingham
8 Septemba 2025

Kwa Ngugi mwenye mbwa,

Hunijui. Mimi ni Rukiya Sugow, nakaa nyuma ya Ladypool Road, nyumba yenye mlango wa kijani. Anayeandika ni Dahir, jirani yangu dereva wa teksi. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinipambe maneno. Darasani sikukaa hata siku moja, lakini barua najua inavyotakiwa iende.

Dahir ndiye aliyekubeba mwezi uliopita kutoka stesheni. Anasema koti lako lilinuka mpaka akashusha vioo vyote vinne, na wewe ulipoona amekunja uso ukamwambia kwa Kiswahili, "Pole ndugu yangu, huo ni uyoga." Ukampa kadi. Ukamweleza kwamba kazi yako ni kutafuta ule uyoga mweusi unaoota ndani ya udongo chini ya miti, ambao Wazungu wanauita truffle, na kwamba simu haishiki huko msituni, anayekutaka akuandikie. Basi nimekuandikia.

Nataka kununua mmoja. Sina hoteli, nina jiko la nyumbani lenye meko manne na moja limekufa. Niambie mtu kama mimi anaununua wapi, maana nimezunguka. Stratford Road nimeitembea yote na goti langu hili bovu. Kulwinder wa mboga, ambaye ameniuzia bamia miaka kumi, alisema hajawahi kuuona na akanipa kiti nikae. Kwenye duka kubwa waliniuzia kichupa cha mafuta chenye picha ya uyoga huo. Nilikifungua nyumbani. Walahi nilidhani gesi inavuja. Nilizima jiko, nikafungua mlango, nikamwita Dahir kwa kelele, akaja mbio na soksi moja.

Sasa sababu. Nina mjukuu anaitwa Ladan. Nimemlea tangu binti yangu, mama yake, alipofariki Isiolo. Nilimleta huku akiwa na miaka kumi na miwili, sasa ana ishirini na mitatu, na anapika kwenye mkahawa mmoja Edgbaston. Siku ya Arafa, mwezi wa sita, nilikuwa nimefunga. Nikafungua mkebe wa mchele nipime wa pilau ya Idi. Harufu ikanipiga usoni kama kofi. Nikatia mkono, nikatoa kitu cheusi, kina magamba kama kisigino changu, kimelainika upande mmoja. Nikakitupa. Nikamwaga na mchele wote. Ladan alipoingia kutoka kazini nikamwambia neno ambalo leo simpi Dahir aliandike. Yeye akaniangalia, akasema, "Ayeyo," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "uyoga huo ulikuwa zawadi yako ya Idi." Akachukua begi lake.

Ni miezi mitatu. Amepanga chumba Great Barr. Humtumia mke wa Dahir ujumbe kuuliza kama nimekunywa dawa ya presha, basi.

Mimi kuomba radhi kwa mdomo sikujaliwa. Naomba kwa sufuria. Nataka uyoga kama ule, niupike vizuri, nimwite aje ale.

Na jambo moja zaidi. Nimesikia uyoga huo unatafutwa na nguruwe. Kama ni nguruwe useme mapema, nisipoteze stempu nyingine.

Rukiya Sugow


Shropshire
17 Septemba 2025

Mama Rukiya,

Barua yako nimeisomea chini ya mti, nikacheka mpaka mbwa akaja kuniangalia kama niko sawa. Kisha nikafika pale kwenye begi la mjukuu wako, sikucheka tena.

Nianze na nguruwe, nikuondoe wasiwasi. Zamani katika nchi za watu walimtumia, lakini nguruwe akiupata anaula, na kumnyang'anya ni vita. Siku hizi ni mbwa. Wangu anaitwa Karanga, kwa rangi yake. Ananusa, anakwaruza kidogo kwa mguu, anaketi. Mimi nachimba kwa kisu kifupi, nafukia shimo, yeye napewa jibini. Samahani, yeye anapewa jibini. Ingawa hata mimi huonja.

Kile kichupa kitupe, Mama. Mafuta mengi ya namna hiyo hayajawahi hata kusalimiana na uyoga. Harufu yake hutengenezwa na watu wenye makoti meupe. Wa kopo nao umeshapoteza roho.

Anayepika nyumbani anunue ule mbichi, kutoka kwa mtu anayeweza kumwambia umechimbwa lini na wapi. Muulize siku, usikubali jibu la "juzijuzi". Wako wanaouuza kwa mtandao na kuutuma kwa posta ya siku moja. Ni watu wa maana wengi wao, lakini huwezi kunusa kupitia simu, kwa hiyo agiza mdogo tu, wa kuliwa wiki hiyohiyo. Ukiwa na miguu, au ukiwa na Dahir, nenda sokoni kwa mwenye kuuchimba. Mimi nina kibanda kila Jumamosi Edgbaston, kwenye soko la wakulima. Ushike mkononi: uwe mgumu na mzito kuliko unavyoonekana. Ubonyeze pande zote. Mwuzaji akikukataza kunusa, mwambie kwaheri.

Ila usinunue sasa. Wa kiangazi umekwisha nguvu. Wa vuli ndio wenye harufu ya kweli, na vuli ya shamba hili ni mwisho wa Oktoba. Ningeweza kukuuzia kesho ukafurahi nusu. Sitaki ufurahi nusu.

Nina swali. Mjukuu wako alikuambia aliununua wapi? Na ni nani alimwambia auweke kwenye mchele?

Wako,
Ngugi


Sparkbrook
24 Septemba 2025

Ngugi,

Umeniandikia kama mtu mzima. Nimemfanya Dahir aisome mara tatu, ya tatu nikiwa nimefumba macho. Unanunua uyoga kama mama yangu alivyonunua mbuzi: mshike mgongo, mfungue mdomo, muulize mwenyewe alilala wapi jana. Nikamwambia Dahir, huyu mtoto alilelewa na mtu. Mama yako yuko hai? Kama yuko, mpe salamu zangu, umwambie amefanya kazi nzuri.

Lakini Karanga amenipa shida. Mbwa ni afadhali kuliko nguruwe, sawa, ila sisi mate ya mbwa yakigusa kitu tunakiosha mara saba, na mara moja kati ya hizo saba ni kwa udongo. Sahani, nguo, chochote. Kwa hiyo huo uyoga ukifika nitauosha mara saba. Udongo ninao, wa pale ninapopanda sukuma wiki. Nakuambia tu ili ujue, sikuombi ruhusa.

Swali lako. Hakuniambia aliununua wapi. Sikumpa nafasi. Kwa nini unauliza?

Na kwa kuwa umeniuliza kwa adabu, nitakuambia lile neno. Dahir, andika. Nilimwambia Ladan: "Mikono inayoleta uozo kwenye chakula haitapika tena nyumbani mwangu."

Nilimwambia hivyo mtoto ambaye mikono ile nimeifundisha mimi. Alipokuwa na miaka saba, kule Isiolo, tulikuwa tunauza maziwa. Nilikuwa namfungulia kibuyu, namwambia, nusa, haya, ya lini? Akanusa, akasema, "Ya asubuhi, na kesho yatalala," yaani yatachacha. Hakukosea. Watu wazima wa soko lile walikuwa wanamletea vibuyu vyao awanusie, naye amesimama pale na pua juu kama hakimu. Nilikuwa najisikia kama nimezaa mfalme.

Zamani barua zangu zote aliniandikia yeye. Huyu Dahir anaruka maneno, namwona. Nikisema sentensi kumi anaandika nne halafu ananiambia ni zile zile.

Sikuruka, Mama. Dahir.

Rukiya


Shropshire
6 Oktoba 2025

Mama Rukiya,

Nimekaa na barua yako siku nyingi kuliko inavyofaa. Nilijua nilichotakiwa kuandika, mkono ndio ulikataa.

Ule uyoga uliuzwa na mimi. Mwisho wa Mei alikuja kibandani msichana mrefu mwenye kilemba cha zambarau, ana alama ya kuungua kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Aliunusa mmoja mmoja. Kumi na moja alinusa, na watu nyuma wananung'unika. Akachagua ule ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeuficha kwa ajili ya mpishi mkubwa mmoja. Nikamwuliza ni wa mkahawa gani. Akasema si wa mkahawa, ni wa nyumbani, wa Idi. Idi ilikuwa Ijumaa, soko langu ni Jumamosi, kwa hiyo ulipaswa kukaa siku sita. Akaniuliza atauwekaje. Nami, Mama, nikiwa na foleni mbele yangu, nikamjibu ovyo: "Weka kwenye mchele, utakaa tu."

Mchele ni wa usiku mmoja, ili mchele ule uchukue harufu. Siku tano ndani ya mkebe, mwezi wa sita, jikoni kwenye joto, hapana. Ilitakiwa aufunge kwa karatasi kavu, aubadilishie karatasi kila siku, auweke kwenye friji. Ulipotia mkono ulikuwa umeanza kuharibika kweli. Pua yako haikukosea, na mikono yake pia haikukosea. Aliyekosea ni mdomo wangu.

Na kuna la pili. Anakuja bado. Kila baada ya Jumamosi mbili anapita, ananusa, hanunui. Niliposoma barua yako ya kwanza nilimjua palepale, nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu. Siku moja nilimwuliza zawadi ilipokelewaje. Akasema, "Nilimletea mtu mwenye pua kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilitaka kumwona akiunusa. Hakunusa, alisikia harufu tu." Akaondoka.

Sijamwambia kwamba tunaandikiana. Ukiniruhusu nitamwambia yote, kosa nilibebe mwenyewe.

Ngugi


Sparkbrook
9 Oktoba 2025

Wewe!

Ungekuwa karibu ningekupiga na kandambili. Miezi minne mtoto wangu anakula chakula cha peke yake Great Barr, na wewe unakula jibini na mbwa! Siku sita kwenye mchele! Mtu anayejua kuuliza uyoga umechimbwa saa ngapi anashindwa kumwambia msichana neno moja la kweli kwa sababu kuna foleni?

Dahir anasema nipumue. Nimepumua.

Haya. Umekuja mwenyewe ukasema, hakuna aliyekushika shati. Wengi wangeniuzia uyoga mwingine wakanyamaza. Hilo nimeliona. Nakutumia sambusa za mbuzi kwa mkono wa Dahir Jumamosi hii, zipashe moto kwa kikaango, usizitie kwenye kile kisanduku cha mionzi kinachofanya chakula kitoe jasho.

Lakini Ladan usimwambie kitu. Kosa lako ni la mchele. La mikono ni langu, nami silipeleki kwa mtu anibebee.

Nitafutie huo wa vuli. Nimefikiri juu ya kuosha. Umeniambia maji yanaumaliza, au hukuniambia? Dahir anatafuta kwenye barua haoni. Ladan aliwahi kusema, siku moja ananisimulia kazi yake nami simsikilizi vizuri, kwamba uyoga ukilowa umekufa. Sasa nikiuosha mara saba namletea maiti. Nisipouosha, siwezi kuutia mdomoni, na yeye pia hatautia, maana nimemlea mimi. Sijui nifanye nini. Si kawaida yangu kusema hivyo, kwa hiyo usimwambie mtu.

Rukiya


Edgbaston, kibandani
1 Novemba 2025

Mama Rukiya,

Dahir amesimama hapa na injini inanguruma, ananiambia niharakishe. Nimeshajifunza kutoharakisha.

Ndani ya kisanduku hiki, kwenye karatasi ya kahawia, kuna uyoga mmoja wa ukubwa wa yai la kuku. Umechimbwa juzi Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri, chini ya mwaloni wa nne kutoka kwenye lango la shamba. Mbwa hakuugusa. Hakuuona. Nilimwacha Karanga nyumbani kwa mwenye shamba, analia dirishani kama mke aliyeachwa, nikaenda mwenyewe.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Kuna vijidudu vidogo vya manjano kama nzi vinavyopenda uyoga huo, vinaruka chini chini pale ulipo. Nilitambaa kwa magoti tangu asubuhi nikivitafuta. Nilipoona viwili, nilikwangua majani, nikachukua udongo kwa konzi, nikaunusa. Hakuna. Nikasogea. Nimenusa udongo wa nusu ekari, Mama. Mwenye shamba alikuja na chai, akaniuliza kama nimepoteza pete. Nikamwambia, natafuta uyoga wa bibi mmoja wa Sparkbrook. Akanywa chai yote mwenyewe akiniangalia. Kabla ya kuondoka akasema miaka thelathini na mitano hajawahi kuona mtu akifanya hivyo, akavua kofia. Hakuivua kwa ajili yangu, nilimweleza kisa chako.

Sikuwahi kujua udongo una harufu nyingi vile. Miaka tisa nimemwachia mbwa kazi ya pua. Wewe na mjukuu wako mmenifanya niinamishe kichwa, na nashukuru.

Kwa hiyo usioshe. Futa kwa brashi laini kavu, hata mswaki mpya. Usiupike, joto kali linauua. Upike kitu kingine chenye samli, mayai au wali, kitoke cha moto, halafu ukate vipande vyembamba kama karatasi juu yake. Ukitaka kuuweka kwenye mchele, usiku mmoja. Mmoja!

Sasa kuna jambo lazima nikuambie. Leo asubuhi Ladan amepita. Kisanduku kilikuwa mezani, jina lako juu yake na mtaa. Alilisoma. Mimi sikusema kitu, ulinikataza. Akangoja mpaka Wazungu wawili wakanunua wakaenda. Kisha akaniuliza swali moja tu:

"Anajua kwamba hauoshwi?"

Ngugi


Sparkbrook
1 Novemba 2025

Ladan,

Dahir atakupa hii mlangoni pa jiko la mkahawa wenu. Usimfukuze, ameacha abiria.

Nimeuweka uyoga kwenye mkebe wa mchele, uleule, juu ya friji. Mfuniko nimeufunga na sitaufungua. Ufungue wewe. Ngugi anasema usiku mmoja. Leo Jumamosi, kwa hiyo ni kesho. Kesho ikipita, uyoga utaanza kuharibika, na mimi pia sina siku nyingi za kukaa kwenye mkebe.

Neno la mikono nililisema. Lilikuwa la uongo. Nilikuwa nimefunga, nina njaa, na hiyo si sababu. Nimelirudisha, na Dahir ni shahidi, amelia kidogo anasingizia mafua.

Haujaoshwa. Najua.

Ayeyo


Sparkbrook
4 Novemba 2025

Ngugi mwanangu,

Tazama mwandiko kwanza.

Umeuona? Herufi zimesimama wima, hazilali kama za Dahir. Dahir nimemwachisha kazi ya ukarani, ameshukuru Mungu. Anayeandika sasa ni Ladan. Haruki neno hata moja, hata ninapomwambia ruka.

Alikuja Jumapili saa sita. Sikusikia mlango kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikuja na wembe wake wa kukatia uyoga ameufunga kwa taulo, nami nikamwambia, "Umekuja kunichinja?" Akasema, "Inategemea umepika nini." Hatukukumbatiana pale. Tuliingia jikoni.

Akaushusha mkebe, akauweka mezani, akanivutia kiti. Akafungua. Hakuunusa yeye. Akaunyanyua mpaka chini ya pua yangu, akasema kama nilivyokuwa nikimwambia yeye, kwa sauti yangu ileile ya sokoni: "Haya, nusa. Wa lini?"

Nitakuambia ukweli, maana nawe umeniambia wako. Mwanzo ulinuka soksi. Nikamwambia, soksi. Akacheka, akasema ngoja. Nikangoja, kama ninavyongojea maziwa. Usivute kwa nguvu, uache yaje. Basi kikaja kitu kingine. Mama yangu alikuwa na kibuyu kimoja kikubwa, alikuwa anakifukiza kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa, na kibuyu hicho kikikaa kitupu siku mbili, ukikifungua, kuna moshi ndani, na ngozi, na utamu kidogo chini kabisa, kama mtu ametoka tu humo. Miaka sitini sijakinusa. Nikasema, "Wa Alhamisi. Na kesho utalala." Ladan akasema nimepatia. Kisha akakaa chini sakafuni, na viti viko.

Ayeyo amenikataza kuandika kwamba yeye ndiye aliyelia kwanza, kwa hiyo siandiki. Ladan.

Nikashika mikono yake, yote miwili, nikainusa pia. Kitunguu, sabuni ya jikoni kwa watu, na uyoga. Nikamwambia, mikono hii ipike. Akapika. Mayai kwa samli yangu, anjera, zile chapati zetu laini, nilizochoma mimi, na juu akakata uyoga ule mwembamba hivi kwamba ungeweza kusoma barua kupitia kipande. Ameninyamazisha mara mbili nisimwelekeze. Nilikaa nikamtazama. Ngugi, huyo mtoto anageuza yai kwa kutikisa mkono tu, kijiko hakigusi! Mimi nimepika miaka hamsini na tano sijui kufanya hivyo. Nilidhani nimempa kila kitu nilicho nacho, kumbe ameongeza chake, na mimi nilikuwa sijaangalia.

Mchele tuliupika jioni, wote, bila pilipili wala mdalasini, hilo pekee lilinitia jasho. Dahir na mke wake walikuja, Kulwinder alikuja na achari yake. Kulwinder alikula sahani mbili akasema sasa anajua nilichokuwa natafuta, na mwakani atauza. Nimemwambia asithubutu kabla ya kuongea na wewe. Atakuuliza maswali. Foleni iwe ndefu namna gani, umjibu vizuri.

Chumba cha Great Barr hakukiacha. Anasema amezoea kulala bila kusikia redio yangu. Sikubishana, mtoto aliyekua amekua. Lakini ufunguo wa mlango wa kijani ulikuwa kwenye msumari tangu mwezi wa sita, na jana nilipoangalia, msumari uko peke yake.

Jumapili hii uje, na Karanga umlete. Atakaa uani, nitamtupia mfupa kwa mbali, na wewe utanawa kabla ya kula. Nina heshima kubwa kwa mbwa huyo aliyeachwa analia dirishani kwa ajili yangu.

Ladan ananiuliza kama kuna la kuongeza. Liko moja. Leo asubuhi alichukua mkebe mtupu akaupeleka kwenye sinki. Unanijua, mimi huosha mpaka vitu visivyo na hatia. Nilimnyang'anya, nikaufunga mfuniko, nikaurudisha juu ya friji vilevile.

Sijauosha. Siuoshi.

Rukiya Sugow,
kwa mkono wa Ladan